Mchezo usiochuja: Brookhaven au Adopt Me?

Wanafunzi wetu wamegawanyika kambi mbili, na safari hii si Simba na Yanga, wala Chiefs na Pirates. Kambi moja inasema mchezo bora ni Adopt Me. Nyingine inasema ni Brookhaven. Nimewasikiliza wakibishana wakati wa mapumziko muhula mzima, chai ikipoa na maandazi yakiisha, na mabishano yao nimeyapenda, kwa sababu hawabishanii mchezo upi una picha nzuri. Wanabishania mchezo upi unaweza kuucheza leo, kesho na mwezi ujao bila kuuchoka. Kwa lugha ya mtaani: mchezo upi hauchuji?

Nina jibu langu, na nalisema mapema ili usisome hadi mwisho ukihisi umezungushwa. Mtoto mwingine yeyote duniani ningemwambia achague anavyopenda. Lakini ninyi mnaosoma jarida hili, mliozaliwa Johannesburg au mlioletwa hapa mkiwa wadogo, mnaokielewa Kiswahili vizuri ila mkiulizwa jambo mnajibu kwa Kiingereza, nawaambia Brookhaven. Sababu yangu haihusu nyumba wala magari ya mle ndani. Inahusu nani anapata nafasi ya kusema nini.

Ndugu mzazi, kama majina haya ni mageni kwako, tulia kidogo nikueleze. Mtoto wako akisema anacheza Roblox, bado hajakuambia anacheza nini. Roblox, iliyoanza mwaka 2006, ni kama soko kubwa lenye vibanda vingi mno: watu wanatengeneza michezo yao mle, na wengine wanaingia kuicheza. Adopt Me ni kibanda kimoja, kilifunguliwa 2017. Brookhaven ni kingine, kilifunguliwa Aprili 2020, wakati shule zimefungwa kwa ajili ya korona na watoto wamekwama majumbani. Vyote viwili vimetembelewa mara makumi ya mabilioni. Kuingia ni bure, na simu ya kawaida inatosha. Vyote ni michezo ya kuigiza: unaingia ukiwa mtu fulani, unapata nyumba, na wale unaowaona wakipita barabarani ni watoto wa kweli walioshika simu zao mahali pengine.

Sasa turudi kwenye kuchuja. Chukua bao la kete, lile linalochezwa barazani Zanzibar. Mashimo ni 32, kete ni 64, na hakuna anayekuja kila Ijumaa kuongeza kete mpya ya rangi ya dhahabu. Hata hivyo wazee wanarudi kila alasiri, kwa sababu anayekaa upande wa pili leo si yule wa jana, na hata akiwa yuleyule, leo amekuja na hila nyingine. Upya wa bao unaletwa na wachezaji. Ipo aina ya pili ya mchezo usiochuja, nayo inafanana na tamthilia za jioni: unarudi kwa sababu jana waliikatisha mahali pabaya, na usipotazama leo, kesho shuleni utakuwa nje ya mazungumzo. Hapo upya unaletwa na mwenye mchezo. Wewe unaufuata.

Adopt Me ni wa aina ya pili, ingawa haukuzaliwa hivyo. Ulipoanza ulikuwa kile hasa ambacho jina lake linasema: mchezaji mmoja anakuwa mzazi, mwingine anakuwa mtoto, na mzazi anamchukua yule mtoto amlee. Mwaka 2019 waliingiza wanyama wa kufuga, na mchezo ukageuka. Siku hizi ukiingia huoni watoto wengi wakimlilia mama. Unaona watu wakikimbia na mbwa, nyati wa pembe moja na majoka, wakitafuta wa kubadilishana naye.

Wanyama wanatoka kwenye mayai. Yai la bei rahisi limekuwa likiuzwa sarafu 350 za mle ndani, la kati 600, la kifalme 1,450, na ndani yake hujui kuna nini mpaka lipasuke. Kisha unamlea. Mnyama anasikia njaa, kiu, usingizi, anachafuka, anataka kwenda ufukweni, anataka kwenda shule. Kila ukimtimizia haja unapata sarafu naye anakua, hatua 6 kutoka kichanga hadi mkubwa kamili. Ukiwa na wanyama 4 wa aina moja, wote wamekua, unaweza kuwaunganisha wakawa mmoja anayewaka mwili kama taa. Ukiwa na 4 wanaowaka, ukawakuza wote tena, unapata mmoja anayebadilika rangi muda wote. Fanya hesabu: 4 mara 4 ni 16. Mnyama mmoja wa kujivunia amekula wanyama 16, kila mmoja kalishwa, kaogeshwa na kulazwa mpaka kakua. Hiyo ni kazi ya ng'ombe wa kweli, bila maziwa.

(Kwa wapenda twiga: mwaka 2019 Adopt Me waliuza yai lililoitwa Safari Egg, lenye jina la neno letu, na mnyama wa thamani kubwa mle alikuwa twiga. Yai halipo tena dukani, na leo twiga wa Adopt Me ni mmoja wa wanyama wanaotafutwa zaidi, unampata kwa kubadilishana tu na mtu anayemmiliki. Kwa hiyo mtoto wa Kitanzania hapa Johannesburg anahangaika miezi mingi kumpata mnyama wa taifa lake. Na kwamba twiga ametoka kwenye yai, hilo tuliache.)

Nisiudharau mchezo huu. Soko lake ni shule. Nimemwona msichana wa miaka tisa, anayekimbia hesabu za mdomo darasani, akijua bila karatasi kwamba wanyama watatu wa huyu hawafikii mmoja wa yule, na kwamba asubiri, kwa sababu anayeharakisha kubadilishana ana sababu yake. Utapeli ulikuwa mwingi kiasi kwamba mwaka 2020 wenye mchezo wakaweka leseni: hubadilishani wanyama wa thamani mpaka ujibu maswali kuonyesha unajua kumtambua tapeli. Natamani wazazi wengine nao wangefanya mtihani ule kabla ya kutuma pesa kwa watu wasiowajua.

Lakini niulize swali langu: kwa nini unarudi kesho? Sikiliza watoto wanavyojibu. Kuna zawadi ya kuingia kila siku. Kuna yai linaloondoka wiki ijayo. Kuna jipya karibu kila wiki. Kuna joka liitwalo Shadow Dragon, lililouzwa kwa muda mfupi Oktoba 2019 kwa Robux 1,000, na aliyelikosa wakati ule hadi leo analililia. Robux ni pesa za Roblox, ndugu mzazi, na zinanunuliwa kwa randi zako. Katika majibu hayo yote sisikii mtoto akisema anarudi kwa sababu jana alicheka sana. Nasikia kwamba asiporudi atapitwa. Kwangu mimi mchezo huo umeshachuja. Aliyeshikwa na hofu ya kupitwa ndiye hajui kwamba umechuja.

Brookhaven ukiingia, jambo la kwanza litakalokushangaza ni kwamba hakuna la kufanya. Hakuna alama za kukusanya, hakuna ngazi za kupanda, hakuna anayeshinda. Kuna mji: hospitali, shule, benki, kituo cha polisi, duka la vyakula, nyumba za kuchagua, magari ya kuendesha. Unajipa jina litokee juu ya kichwa chako. Unachagua nguo. Kisha unasimama barabarani, na mchezo unakutazama tu, unakungoja.

Hapa ndipo kambi ya Adopt Me inapocheka. "Dakika kumi tu unachoka!" Wanasema kweli. Ukiingia mikono mitupu, Brookhaven inachosha kuliko foleni ya benki. Lakini niambie, kitambaa cha kanga, makopo mawili na udongo vina la kufanya? Havina. Mama yako alipokuwa mdogo Tanga au Mombasa au Bukavu, vitu hivyo vilimtosha mchana mzima, na kesho yake tena, na likizo nzima. Kenya wanauita kalongo. Tanzania tunasema kucheza baba na mama, au kujipikilisha. Na usidhani ni wetu peke yetu: waulize majirani zako hapa, Wazulu watakuambia amandlwane, Wasotho mantlwane, na ni mchezo uleule, wenye vijumba vya mawe na chakula cha majani. Brookhaven ni mantlwane iliyowekewa magari. Upya wake unauleta wewe, kama kwenye bao.

Na unauleta kwa kitu gani? Kwa maneno. Hakuna kingine. Ili pale hospitalini pawe hospitali, lazima mmoja aseme, "Karibu mama, mtoto anasumbuliwa na nini?" na mwingine ajibu, "Dokta, tangu jana usiku anatapika." Bila maneno hayo kuna watu wawili wamesimama kwenye chumba cheupe.

Mtoto anayekulia hapa anasikia Kiswahili cha upande mmoja. Fikiria unachosikia nyumbani kila siku. Njoo ule. Umefanya kazi ya shule? Nani kamwaga maji hapa? Punguza sauti. Mpigie bibi simu umsalimie. Unaelewa yote, na unatii, au hutii, lakini wewe mwenyewe husemi. Jibu lako ni "sawa" au "bado," na baada ya hapo unahamia Kiingereza. Miaka kumi unasikia "njoo ule," na hujawahi hata mara moja kumwita mtu yeyote aje ale. Upande wa mtoto wa lugha hii unaujua. Upande wa mama, wa daktari, wa konda, wa mwenye duka, wa shangazi anayelalamika hakupigiwa simu, huo hujapewa. Ukifika miaka ishirini unashangaa kwa nini unaelewa kila kitu na huwezi kusema.

Darasa letu la Jumamosi linajaribu kukupa upande huo, lakini saa tatu kwa wiki ni chache. Serikali ya hapa ilitangaza 2018 kwamba Kiswahili kiruhusiwe kufundishwa shuleni kama somo la hiari kuanzia 2020, nasi tulifurahi. Hata hivyo, kitabu cha somo kitakupa "mama anapika" mara mia, na bado hakitakukasirisha uwe mama ambaye chakula kinaungua na wageni wameshapiga hodi. Mchezo wa kuigiza unafanya hivyo. Unakupa cheo, na pamoja na cheo unakupa sentensi zake.

Nimeona mfano mzuri mwaka huu. Watoto wanne wa madarasa tofauti walicheza teksi Brookhaven, kila mtu kwao, simu nyingine pembeni imewapigia wote ili wasikilizane kwa sauti. Dereva alikuwa mvulana wa kimya sana darasani. Walianza kwa teksi ya hapa, ya kuinua kidole cha shahada juu kuonyesha unaelekea mjini. Lakini mle ndani mkono wa mhusika hauonyeshi kidole, kwa hiyo ilibidi waseme. Hapo mmoja akakumbuka daladala za likizo Dar es Salaam, akawa konda. Mara ikawa "Kariakoo, Kariakoo, twende, nafasi ipo!" Mara abiria anadai chenji yake. Mara mama mmoja ana mzigo mkubwa, naye konda anamtaka aulipie, mama anakataa, anasema mwanangu, mimi ni sawa na mama yako, huoni haya? Dakika arobaini. Yule mvulana wa kimya alimaliza sauti imemkauka. Wiki iliyofuata walirudia teksi ileile, barabara ileile, lakini safari hii trafiki amewasimamisha. Linganisha na safari ya kumpeleka mnyama ufukweni, ambayo mara ya mia ni sawa kabisa na ya kwanza.

Kambi ya Adopt Me itasema hata wao wanazungumza. Wanazungumza, ndiyo, lakini lugha ya soko lile ni maneno machache: ongeza, hapana, nani ana fulani, huo wizi. Na karibu yote ni kwa Kiingereza, kwa kuwa unabadilishana na mgeni usiyemjua, ambaye baada ya dakika moja hutamwona tena. Brookhaven nayo ina wageni wengi wa Kiingereza, lakini haikulazimishi kuwahitaji. Watu watatu wanaojuana wanatosha kujaza mji.

Hao watatu watoke wapi? Hapa naomba mzazi asikilize zaidi. Binamu zake wapo. Wapo Temeke, Kisumu, Lubumbashi, na wengi wao wana simu mkononi au wanaazima ya mama. Salamu za Jumapili kwa simu tunazijua zinavyokwenda: mtoto anasukumiwa simu, anasema shikamoo, anaulizwa hujambo, anaulizwa shule vipi, anasema nzuri, anarudisha simu. Hana la kumwambia binamu yake, wala binamu hana la kumwambia, kwa sababu hawana kitu wanachofanya pamoja. Wape mji wa kuendesha pamoja kwa saa moja. Watagombana, na kugombana kwa Kiswahili ni kozi ya juu.

Na jambo moja linaniuma kuhusu Adopt Me katika habari hii ya binamu. Mtoto wa Johannesburg anayenunuliwa Robux siku ya kuzaliwa anaingia na joka linalowaka. Binamu yake wa Temeke ana paka wa kwenye yai la sarafu 350. Hata wakicheza pamoja, mmoja ni tajiri na mwingine anaomba. Tunayo ya kutosha hayo kila tunapoenda likizo na masanduku. Brookhaven nayo inauza vitu, nisidanganye: yapo magari na nyumba ambazo hupati bila kulipa, na tangu 2025 inamilikiwa na kampuni kubwa iitwayo Voldex, iliyoinunua kutoka kwa mtengenezaji wake wa kwanza, anayejulikana kwa jina la Wolfpaq. Lakini za bure zinatosha kabisa, na konda mzuri hajulikani kwa bei ya basi. Huyo wa Temeke ndiye atakayekuwa na maneno mengi zaidi. Kwa mara ya kwanza yeye ndiye tajiri, na wa Johannesburg ndiye anayeomba: hili linaitwaje kwa Kiswahili?

Wapo wazazi wanaoogopa kwamba watoto wakijiachia hivyo watachanganya Kiswahili. Wetu ni wa kila namna. Nyumba moja inapika kisamvu, nyumba ya pili inakiita sombe, na ni majani yaleyale ya muhogo. Mmoja anakula ugali, mwingine bukari, na wote shuleni wanakula pap. Mtoto wa Yeoville ambaye wazazi wake ni wa Kivu anasema "mutoto," wa Mombasa anamcheka, kisha wa Mombasa anasema "ndoo hapa," na wa Dar anamcheka yeye. Waacheni. Familia ya Brookhaven yenye baba wa Bukavu na mama wa Malindi si ya kubuni, zipo hapa mjini na watoto wao tunawafundisha. Usahihi tutaushughulikia darasani, kalamu nyekundu tunazo. Huko kwenye mchezo nataka wazungumze tu, wakosee, waendelee.

Kuhusu usalama sitazunguka. Brookhaven ina hatari yake, na ni kubwa kuliko ya Adopt Me kwa sababu ileile inayoufanya kuwa bora: ni mchezo wa maneno, na mtu mzima mwenye nia mbaya anajua kutumia maneno. Anayekuambia "mimi ni baba yako mpya, nifuate nyumbani" anaweza kuwa mtoto wa darasa la tatu, na anaweza asiwe. Kwa hiyo chezeni na mnaowajua kwa uso na kwa jina. Kuna seva za faragha, ambazo mwenye nazo anawaalika anaowataka. Mzazi mmoja akifungua, familia tatu zinaingia. Sauti ipite kwenye simu ya familia mliyopigiana, siyo kwenye maandishi ya mchezo mbele ya wapita njia. Tangu mwishoni mwa 2024 Roblox inamruhusu mzazi kuunganisha akaunti yake na ya mtoto, akaweka kikomo cha muda wa siku na cha matumizi ya pesa. Kaa nao mara ya kwanza. Utajikuta umepewa kazi ya mwenye nyumba anayedai kodi.

Wewe uliye kambi ya Adopt Me na umesoma mpaka hapa ukiwa umekunja uso, sikuambii uache wanyama wako. Mtoto wa miaka sita anayelisha na kumlaza mbwa wake anapata furaha ambayo sina sababu ya kuiingilia. Ila jaribu jambo moja: ukibadilishana na mwenzako wa darasani, fanyeni kama Kariakoo. Usimwambie "ongeza" ukanyamaza. Msifie mnyama wako, mponde wa kwake, lalamika kwamba hali ni ngumu, mwambie akupe bei ya mwisho, geuka kama unaondoka, subiri akuite. Ukifanya hivyo umeugeuza kuwa mchezo wa kuigiza tena, kama ulivyokuwa 2017, na mimi sina ugomvi nawe.

Kwa kambi ya Brookhaven, nina hadithi tatu za kuanzia, za mji huo ambao hauna lolote la kufanya. Ya kwanza: harusi ni kesho, na mpishi amepotea. Kuna mama wa bibi harusi, shangazi wa bwana harusi asiyeridhika na chochote, na mtu wa kwenda kumtafuta mpishi kwa gari. Ya pili: hospitali ina nesi mmoja tu na wagonjwa wanne, kila mmoja anadai yeye ndiye aliyewahi foleni. Ya tatu: mgeni ameshuka kutoka Kigoma, hajui mji, na kila anayemuuliza njia anamwelekeza kwa namna yake, kushoto, kulia, mbele ya kanisa, nyuma ya benki, mpaka afike au asifike.

Dar es Salaam na Mombasa wako saa moja mbele yetu. Goma, Bukavu na Lubumbashi saa ni moja na sisi. Ukimwambia binamu wa Tanga mkutane saa kumi jioni, kubalianeni kwanza ni saa kumi ya nani, au atakungoja kwenye kituo cha basi, peke yake, saa nzima. Na atakayekuwa konda aanze mapema kupasha koo.